Sampuli Zilizopotea Siku ya Wamaza

Ujumbe wa kituo cha afya cha Wamaza wa kuomba damu ulitufikia ofisini Kasongo ukiwa umechelewa dakika arobaini na mbili, na katika dakika hizo zote mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine iliyopaswa kuupokea, nikipima kwa nini ujumbe huchelewa. Mgonjwa aliitwa Riziki. Alikuwa amejifungua asubuhi hiyo na damu haikukatika. Alifariki njiani, juu ya pikipiki, na motari wetu, mwendesha pikipiki aliyebeba sanduku la damu, alimfikia kama nusu saa baadaye.

Wenzangu mliobaki ofisini mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla sijastaafu. Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote mtayakuta katika vitabu vya mashine. Hili halimo.

Niliingia kazini kama mpokeaji wa fonia, ile redio ya masafa marefu iliyokuwa njia pekee ya vituo vya afya kutufikia. Chumba kilikuwa na meza moja, viti viwili na betri nne chini ya dirisha. Papa Salumu, aliyekuwa pale miaka mingi kabla yangu, hakunionyesha redio siku ya kwanza. Alinionyesha betri. Aliniweka nichuchumae pale, nifungue vifuniko, nitazame maji yaliyomo ndani, nifute ute wa kijani kwenye nguzo zake.

"Weye unafikiri umekuja kuongea," aliniambia. "Hapa kazi iko batri. Kuongea ni pale batri inapokubali."

Kwa wiki nzima nilirudi nyumbani na matundu ya asidi kwenye kitenge. Mama yangu aliuliza kama ofisi ya afya imeniajiri kufua au kuchoma nguo.

Kila asubuhi saa moja tulikuwa na mwito. Papa Salumu alisoma majina ya vituo kimoja kimoja, halafu akasoma saa, na kila kituo kikaweka saa yake sawa na yetu. Wauguzi walijibu kwa zamu. Wengine walianza kusalimiana kwa Kibangubangu na kuulizana habari za msiba na za mahindi, naye akawakata: "Acheni batri yangu ipumue." Kwa ajili ya betri hizo tulikuwa na desturi yetu, ambayo nitaieleza mahali pake.

Kompyuta ilipokuja tuliipokea kwa mashaka. Ilikuwa ndogo, ya kutumia umeme kidogo wa jua. Iliunganishwa na fonia, na kila kituo kikubwa kikapewa yake. Muuguzi aliandika ujumbe, mashine yake ikaugeuza kuwa vipande vya milio, fonia ikapeleka milio hiyo hewani, na mashine yetu ikaisikiliza na kuirudisha kuwa maneno. Kipande kikifika kizima, mashine yetu ilijibu; kikifika kimevunjika, ilinyamaza. Ikinyamaza, ile ya kijijini ilirudia kutuma yenyewe, tena na tena, bila kumsumbua mtu. Tuliusifu sana utaratibu huo. Muuguzi aliweza kubonyeza na kurudi kwa mgonjwa wake.

Hapo ndipo nilipokutana na kiini. Ndani ya mfumo unaoendesha kompyuta kuna sehemu moja iliyo chini ya zote, inayogawa zamu: nani atumie kichakataji sasa, nani asubiri, nani aandike kwenye diski, nani asikilize sauti. Hicho ndicho kiini. Programu yetu ya kusikiliza milio ilikuwa inakiomba zamu mara nyingi kila sekunde. Ikicheleweshwa kidogo tu, mlio hupita bila kusikika, kipande huvunjika, na kule kijijini mashine huanza kurudia.

Na ilikuwa inacheleweshwa. Majuma mengine ujumbe wa kituo cha Lusangi ulifika kwa dakika mbili, majuma mengine kwa ishirini. Tulibadilisha waya. Tulihamisha mlingoti. Docta, shefu wetu na mkuu wa ofisi, aliandika barua kulaumu hali ya hewa, kana kwamba hewa ingejibu. Papa Salumu, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mimi ndiye niliyemsomea vitabu, alisema tusilaumu kitu ambacho hatujakipima.

Namna ya kupima kiini ni hii, nami naieleza kama alivyonieleza yeye. Kiini kinafanya mambo mengi kwa sekunde moja. Huwezi kuyaandika yote. Kwa hiyo unakikatiza mara kadhaa kwa sekunde na kukiuliza swali moja: uko wapi sasa hivi? Kinajibu jina la kazi kilimokuwa. Jibu hilo ni sampuli. Ukikusanya sampuli za nusu saa, unahesabu majina. Jina lililojirudia sana ndilo linalokula muda.

Niliuliza kwa nini kitabu kinashauri kukatiza mara tisini na tisa kwa sekunde, na si mia moja, namba nzuri.

"Wewe ukimtembelea Docta kila siku saa sita kamili, utamkuta anafanya nini?"

"Anakula."

"Basi rapor yako itasema Docta ni mutu wa kula tu. Nenda saa ambazo yeye hazijui."

Mashine nayo ina mambo yake ya saa kamili. Mara tisini na tisa haziendi sambamba nayo. Nimewaona vijana kati yenu mkiweka mia moja kwa kupenda namba nzima. Acheni.

Jambo la pili alilonifundisha ni zito zaidi, nami nililisikia bila kulishika. Alisema: "Unapopima, na weye uko ndani ya mashini. Unakula zamu kama wengine." Kila swali unaloliuliza linamsimamisha mtu aliyekuwa anafanya kazi. Majibu yanawekwa kwanza katika kapu ndani ya kumbukumbu, halafu programu nyingine inalimwaga kapu hilo kwenye diski. Maswali yakizidi, au mmwagaji akikosa zamu, kapu linafurika. Kiini hakifichi jambo hilo. Kinaandika mstari mmoja: sampuli kadhaa zimepotea.

Papa Salumu alifariki kabla hatujapata jibu. Tulimzika baada ya swala ya alasiri, na mwanawe alinipa kitabu chake cha kiini, kikiwa kimefungwa kwa gazeti. Nilibaki na chumba peke yangu.

Siku ya Wamaza ilikuwa ya mvua. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji kwa siku tatu na betri zilikuwa chini. Kwa uzoefu wangu siku kama hizo ndizo ujumbe ulizokwama, kwa hiyo nilifurahi. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli. Nilikuwa nimechoka na sampuli za siku za jua zisizoonyesha kitu. Kila kukwama kulikuwa kwa muda mfupi mno, nikaona tisini na tisa ni kidogo. Saa tatu na robo niliweka elfu nne kwa sekunde. Nilitaka pia kujua sio tu kiini kiko wapi, bali nani kakipeleka huko, kwa hiyo niliagiza kila sampuli iandike msururu mzima wa miito, kazi ipi iliita ipi. Majibu niliyaelekeza kwenye diski ile ile inayopokea ujumbe, kwa kuwa hatukuwa na nyingine.

Saa nne na dakika hamsini ujumbe ukatokea kwenye kioo. Ulikuwa mfupi: mzazi anatoka damu, kundi la damu fulani, tunaondoka naye sasa kuja kwenu, leteni damu tukutane njiani. Chini yake mashine ya Wamaza ilikuwa imeandika saa ya kuandikwa: nne na dakika nane. Aliyetuma alikuwa Assani, muuguzi wa pale, mtu wa karibu miaka arobaini, mcheshi wa mwito, ambaye kila Jumatatu alimuuliza Papa Salumu kama betri zimeamka salama.

Nilikimbia kwenye jokofu la damu. Motari alikuwa ameshawasha pikipiki nilipotoka na sanduku. Alinitazama usoni akauliza, "Mama Feza, wako mbali?" Nikamwambia wameshaondoka zamani. Alifunga sanduku nyuma akaondoka.

Alirudi jioni na damu ile ile, imeharibika kwa joto. Mtoto wa Riziki yupo, yuko Wamaza kwa bibi yake.

Kikao kiliitwa siku ya tatu. Docta alikuwa na karatasi mbili mbele yake: moja inasema ujumbe uliandikwa saa nne na dakika nane, nyingine inasema tuliupokea saa nne na dakika hamsini. Assani alikuwa ameitwa kutoka Wamaza, viatu vyake bado vina tope. Alisema alibonyeza, akaona neno "inatumwa", akaenda kumfunga mama yule kwenye kitanda cha pikipiki. Mume wa Riziki alisema ni kweli, alimwona muganga, yaani Assani, akibonyeza kabla hawajamfunga. Docta akamuuliza ilikuwa saa ngapi. Yule mume hakuwa na saa. Alisema siku zote husoma saa kwa jua, na siku ile jua halikuwapo.

Halafu Docta akanigeukia.

"Mama Feza, mashine ilikuwa na tatizo?"

"Ilikuwa inafanya kazi," nikasema.

Jibu hilo lilikuwa kweli. Kituo kingine kilikuwa kimetuma ujumbe wake saa nne na nusu ukapita bila shida. Lakini Docta hakuniuliza kama kulikuwa na mtu aliyekuwa akiisimamisha mashine mara elfu nne kwa sekunde, nami sikumwambia. Assani alikuwa amekaa mkono wangu wa kushoto. Nakumbuka alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayemwamini anayesema.

Barua ilitoka juma lile. Ilisema Assani amesimamishwa kazi kwa sababu alichelewa kutuma na kisha "akaandika saa ya uongo", kana kwamba aliirudisha nyuma saa ya mashine yake.

Faili la sampuli nililifungua siku nane baada ya barua. Sikuwa na ujasiri kabla ya hapo. Tangu saa tatu na robo majina yalikuwa yamejipanga vizuri. Kuanzia saa nne na dakika tano mpaka nne na dakika arobaini na tisa yalikuwapo machache, yametawanyika, na katikati yao mstari ule ule ukijirudia: zimepotea, zimepotea, zimepotea.

Nilirudi kupima kwa upole, tisini na tisa, siku nyingine ya mawingu, na nikampata mla muda tuliyemtafuta miaka yote. Alikuwa wetu wenyewe. Mimi na Papa Salumu, kwa hofu yetu ya betri, tulikuwa tumeongeza ndani ya kiini kipande kidogo cha kusoma hali ya betri mara kumi kila sekunde. Betri ikiwa imejaa, kifaa cha kuchaji kilijibu mara moja. Ikiwa chini, kilijibu polepole, na kipande chetu kilisimama kukingoja, kikishikilia kichakataji bila kumwachia mwingine zamu. Katika sampuli za siku hiyo jina lake lilikuwa juu ya yote. Nilibadilisha mara kumi kwa sekunde kuwa mara moja kwa dakika, na tangu siku hiyo ujumbe wa siku za mvua unafika kama wa siku za jua. Mliokuja baadaye hamjui kwamba palikuwa na shida.

Kwa hiyo nilikuwa na washitakiwa wawili. Kipande cha betri kingeweza kuiziba mashine siku ile. Upimaji wangu nao ungeweza. Na kapu lililofurika huacha pengo la namna moja, mmwagaji awe amenyimwa zamu na betri au amelemewa na maswali yangu.

Niliandika ripoti nikasema yote, pamoja na elfu nne. Docta aliisoma mbele yangu, taratibu, akarudia ukurasa wa pili.

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Niliogopa, Docta."

Aliifunga ripoti. Si mtu mbaya. Baadaye akasema, "Umenionyesha kwamba hatukuwa tunasikia vizuri. Hujanionyesha kwamba Assani alikuwa anaongea. Kama alituma saa nne na dakika arobaini na nane, rapor yako ingekuwa na pengo hili hili."

Mashine ya Wamaza ingejua ni mara ngapi ilirudia kutuma, lakini sisi tulilizima daftari lake la kuhesabu marudio mwaka ule ule tuliowapelekea mashine, ili kuokoa nafasi kwenye kadi yake ndogo. Nilirudia siku ile kwa mikono yangu: betri chini, elfu nne, ujumbe wa majaribio kutoka kituo cha karibu. Kijana mmoja wenu alinisaidia, anajijua. Mara nyingine ujumbe ulipita kana kwamba hakuna kitu. Mara nyingine ulikwama karibu saa nzima.

Kilichobaki kilikuwa saa ya Wamaza yenyewe. Kama ilikuwa sawa na yetu, basi ile "nne na dakika nane" ni ya kweli, na Assani hakuandika uongo. Ila betri ndogo ya ndani ya mashine yao ilikuwa imekufa zamani, na kila walipozima umeme saa ilirudi nyuma. Iliwekwa sawa kwa mkono, kila asubuhi, wakati wa mwito. Nikafungua daftari la mwito. Mbele ya Wamaza, siku ile, palikuwa na alama kwamba kituo kimejibu na saa imewekwa.

Hiyo alama niliiweka mimi, na hapa ndipo inapoingia desturi niliyoitaja. Kungoja kila kituo kijibu, tuandike, kisha tuite kingine, kulikula umeme mwingi. Papa Salumu alikuwa akiweka alama kwa vituo vyote kabla ya kuwasha fonia, kisha anafuta kile ambacho hakikujibu. Nami nilifanya hivyo. Siku za betri kuwa chini tulifanya haraka, na mtu akisema "ndiyo" tu, tulipita. Hakuna aliyewahi kutuuliza alama ile maana yake nini.

Mwaka huu, juma la kwanza la kustaafu kwangu, nilipanda pikipiki mpaka Lusangi. Assani anaishi kule sasa. Ana shamba la muhogo nyuma ya nyumba, na siku nyingine huenda kwenye mashimo ya dhahabu kuwafunga vidonda wachimbaji. Nilimkuta anamtazama koo mtoto wa jirani kwa kijiko. Alimaliza kwanza, akamwambia mama wa mtoto ampeleke kituoni, yeye haruhusiwi kutoa dawa.

"Mama Feza," akasema. "Batri zimeamka?"

"Zimeamka."

"Na mashini yako, inasemaje juu yangu?"

Nilimweleza yote, tangu elfu nne mpaka lile jibu langu kwenye kikao. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Aliondoka, akaingia ndani, akakaa huko muda, akarudi na kiti cha pili.

"Siku ile," akasema, "ulipojibu Docta, miye nilifikiri: Mama Feza amesema mashini ni nzima, basi kosa liko kwangu. Miaka hii yote nimejiuliza nilibonyeza wapi vibaya."

Aliniuliza nimekuja kwa ajili ya nini, maana sikupanda pikipiki ya siku nzima kwa ajili ya kumpa pole. Nikatoa barua niliyoiandaa. Ilimwomba Docta afute maneno "saa ya uongo" katika faili lake. Ilihitaji sahihi mbili: yangu, kwamba mashine ya Kasongo ilikuwa imezibwa, na yake, kwamba saa ya Wamaza iliwekwa sawa asubuhi ile.

"Kazi siitaki tena," alisema. "Mutu mwingine anaifanya, na anaifanya vizuri. Neno hilo tu. Mwanangu anasoma uuguzi Kasongo, wamemwambia baba yake aliandika uongo na mutu akafa."

"Basi weka sahihi."

Aliisoma barua mara mbili. Aliniomba kalamu, nikampa. Akaiweka kwenye karatasi, akaiinua.

"Huyu mama nilikuwa naye tangu alfajiri," alisema. "Mlipoita Wamaza, nilikuwa mlangoni na mikono iko damu. Nilijibu 'ndiyo' kwa sauti, mlinzi akabonyeza fonia. Mlinisikia?"

"Nilisikia 'ndiyo'."

"Halafu sijui. Naona nilikwenda kunawa, nikaweka saa. Naona pia nilirudi moja kwa moja kwa mgonjwa. Yote mawili nayaona sawasawa."

Nilimwambia, na sioni haya kuliandika hapa, kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumpinga akisema aliiweka. Alama ipo kwenye daftari. Akacheka kidogo.

"Hiyo alama nani aliiweka, Mama?"

Alinirudishia kalamu. Nilikata mstari wake kwenye barua nikabakiza wangu, na nikaipeleka ofisini hivyo, nusu. Imepigwa muhuri wa kupokelewa. Kila Jumatatu napita kuuliza, na kila Jumatatu karani ananifungulia faili la Assani ili nione mwenyewe. Neno bado limo. Na iwapo saa ya Wamaza ilikuwa sawa na yetu asubuhi ile, yeye hajui, nami sijui.